Mng'aro Juu ya Ufa

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nakuambia wewe kwa sababu ndiwe uliyenilea. Watu wote wanasema mimi nina haya. Walimu waliliandika hilo kwenye ripoti kila muhula, na wewe mwenyewe wageni wakija ulikuwa ukiniombea radhi kabla sijafika sebuleni. Sina haya, Shangazi. Nina dharau. Mtu akianza kuzungumza, hata hajafika mbali nimeshamdharau, na kwa kuwa ulinifunza adabu nainamisha macho. Wao wanaona nimeinamisha macho, wanasema, "Mtoto mzuri, ana haya."

Kwenye simu maneno hunikwama, ndiyo maana naandika.

Nimeshaanza kazi kwenye maabara ya Baba Mkubwa. Nyumbani ni Baba Mkubwa, kazini ni Mkurugenzi, na tofauti yao ni koti jeupe ambalo halijawahi kuona tone la mafuta. Wageni wakija anawaambia, "Hapa tunatengeneza sufuria ya kupikia jua." Wageni wanacheka, yeye anacheka, na mimi pale kwenye kona natamani sakafu inimeze. Jua halipikwi, na sisi hatutengenezi sufuria yoyote. Mtambo wenyewe unajengwa nchi nyingine. Utaipasha moto gesi ya hidrojeni hadi viini vyake viungane, kama vinavyoungana ndani ya jua, na joto lake ligeuzwe umeme. Sisi tunatengeneza vigae vya ukuta wa ndani tu, ule unaotazamana na joto hilo uso kwa uso. Kigae ni cha tungsteni, metali nzito kuliko inavyoonekana na isiyoyeyuka upesi. Mgongoni kimeungwa na bomba la shaba, na ndani ya bomba yanapita maji ya kukipoza. Kigae kikiachana na shaba, joto halina pa kwenda. Bomba linapasuka, maji yanamwagika ndani ya mtambo, na waliopo karibu Mungu awasaidie. Basi. Ningeweza kuwaeleza wageni yote hayo chai haijapoa, kama ningekuwa mtu wa kusema.

Kazi yangu inakuja baada ya kigae kuchomwa kwenye mtambo wetu wa majaribio. Nakikata katikati kwa msumeno wa maji, nakisugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, na mwisho kwa unga wa almasi, hadi kinakuwa kioo. Nasema kioo, Shangazi, naona nyusi zangu. Kisha kinapigwa picha chini ya hadubini, na picha zinapelekwa kwa wanunuzi.

Sasa kuna bwana mmoja hapa, mhandisi wa maungio, pale kigae kinaposhikana na shaba. Tunamwita Bwana Nyufa, kwa sababu kila sampuli anayoigusa inatoka na ufa. Ananuka vitunguu vibichi na anatafuna kofia za kalamu, si zake tu, hata za wenzake. Nikimaliza kioo changu anakichukua kwa koleo, anakichovya kwenye tindikali, na kinarudi kimefifia kama sarafu iliyookotwa mtaroni. "Urembo umekwisha," ananiambia, "sasa tuangalie." Kisha anaangalia na, kama kawaida, anaona ufa. Wenzake wanamcheka usoni. Mimi namcheka moyoni, lakini kwa nguvu zaidi.

Wako,
Kimya

11 Machi

Mtoto wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, maziwa yakafurika jikoni. Nimesugua jiko mchana kutwa kwa ajili yako.

Nani kakwambia dharau ni akili? Mbuzi ana dharau. Mtazame anavyomwangalia mtu, utadhani amesoma vyuo vitatu, kumbe anangoja ugeuke ale nguo yako kwenye kamba. Ukimdharau mtu na hujui zaidi yake, huna tofauti na yule mbuzi, ila wewe huna ndevu.

Na kaka yangu usimguse. Akicheka mizaha yake mwenyewe, mwache acheke, ana haki. Ndiye peke yake katika ukoo huu aliyekwenda uwanja wa ndege kupanda na si kusindikiza. Ndiye pia atakayetia sahihi barua yako ya chuo cha metali, maana hicho chuo hakimchukui mtoto bila mkuu wa maabara kumdhamini. Bila sahihi yake utarudi kukaa nami hapa tuhesabu nzi.

Lakini huyo bwana wa vitunguu amenichoma. Mtoto wa watu asugue hadi vidole viote sugu, halafu mtu mzima aje amwagie tindikali? Ana wazimu au ana wivu? Mwambie Baba Mkubwa wako. Najua hutamwambia. Basi tutaona.

Kula. Ulivyoondoka hapa ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Mambo yamebadilika, na kwa mara ya kwanza nina la kufurahisha. Bwana Nyufa amehamishiwa stoo. Mkurugenzi alituita wote karakanani akasema, "Kuanzia leo hakuna kuchovya. Wanunuzi wetu ni watu wastaarabu, hawawezi kutumiwa picha chafu." Chupa za tindikali zikafungiwa kabatini, ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Watu walipiga makofi. Mmoja akauliza kama stoo ina dirisha, mwingine akajibu kwamba kwa ajili ya vitunguu itabidi litobolewe.

Tangu siku hiyo hakuna sampuli iliyoonekana na ufa. Hata moja. Picha zinatoka safi, Mkurugenzi anazibandika ukutani kama za harusi, na mimi ananiita Mkono wa Dhahabu mbele ya watu. Jina la kipuuzi. Ila nimelizoea upesi kuliko nilivyotarajia.

Bwana Nyufa alipokuwa anabeba vitu vyake alisimama mbele ya meza yangu. Akaitazama sampuli niliyokuwa nimeimaliza, akaigeuza-geuza kwenye mwanga, akasema, "Hongera. Sasa unaweza kuficha chochote." Uso ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikamwona mtu duni, mwenye kijicho na mtoto aliyetoka shule juzi.

Mwezi ujao wanunuzi wanakuja kukagua, na wakiridhika vigae vyote vinapakiwa. Kabla ya hapo nataka jambo moja liwe wazi. Chini ya sinki kuna kichupa cha tindikali ambacho waliofunga kabati hawakukiona. Nitachukua sampuli safi, nitaichovya kwa mkono wangu, kwa utulivu, kama inavyotakiwa. Itatoka haina ufa, na wote watajua kwamba nyufa zilikuwa za mikono ya yule bwana.

Wako,
Kimya

27 Machi

Mtoto wangu,

Sasa nikuambie nami langu. Ni mimi. Nilimpigia kaka yangu simu siku ileile niliyoipata barua yako. Nikamwambia una mhandisi huko anayemharibia mtoto kazi, na mtoto anaumia na hasemi, na wewe umekaa na koti lako jeupe. Nikamsomea kile kipande cha sarafu ya mtaroni. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu, umenisaidia kuliko unavyojua."

Unaona? Wewe una dharau, mimi nina mdomo. Mdomo ndio unaofanya kazi.

Hizo habari za dharau yako sikumsomea.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi,

Nilikuandikia wewe, ukamsomea yeye. Sijui nianzie hapo au kwenye lile kubwa zaidi. Naanzia kwenye kubwa.

Niliichovya. Nilichagua sampuli nzuri kuliko zote, ile ambayo picha yake iko katikati ya ukuta. Nikaiosha, nikaikausha, nikaiweka chini ya hadubini. Ufa ulikuwepo. Haukuwa wa kutafuta kwa kukodoa macho. Ulianza ukingo mmoja, ukapita kati ya tungsteni na shaba, ukaenda karibu ukingo wa pili. Nikasema ni mkono wangu, nimekosea kitu. Nikachovya nyingine. Nikachovya nyingine tena. Zote.

Nilikaa pale nikaelewa, na ilikuwa rahisi hata nikaona aibu. Shaba ni laini. Ukiisugua sana inatambaa, kama siagi chini ya kisu, inaingia kwenye ufa na kuuziba juu juu. Tindikali inaondoa ile ngozi nyembamba tu. Yule bwana hakuwa akitengeneza nyufa. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipaka, na kadiri nilivyozidi kuwa hodari ndivyo zilivyozidi kupotea. Maungio yetu hayavumilii joto, Shangazi. Vigae vimekaa kwenye shaba kama jino la mtoto linalongoja kung'oka.

Nikaenda ofisini kwa Baba Mkubwa.

"Kuna ufa," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye maungio. Nimechovya."

"Nani alikuruhusu kuchovya?"

Nikainamisha macho.

"Kazi yako hapa nini, mama?"

"Kung'arisha."

"Basi ng'arisha."

Akaniomba kichupa kwa kunyoosha mkono bila kunitazama, nikampa. Kisha akacheka, akanimiminia maji ya matunda kwenye glasi ya wageni. "Usijali. Vikifika kule watavipima wenyewe."

"Watavipima kwa picha zetu," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo sana, lakini nadhani alisikia, maana aliacha kucheka.

Barua yangu ya chuo iko mezani kwake, chini ya kile kipande cha tungsteni anachokandamizia karatasi. Aliisogeza kidogo nilipokuwa natoka. Kuisogeza tu.

Kutoka pale nikaenda stoo. Nilitaka kumwomba Bwana Nyufa radhi. Nilipofika nikaomba skrubu. Akauliza za nini, nikasema sijui, akanipa kiganja kizima. Ziko mfukoni mwangu hadi sasa zinanitoboa.

Kimya

9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma kwa mshangao. Tangu lini wewe ukawa mtaalamu wa maungio?

Mtoto ameona mstari kwenye hadubini, anadhani amegundua bara. Kila kitu duniani kina ufa ukikikuza vya kutosha, hata hicho kioo unachojitazamia. Kigae kikikaa mahali pake na kikang'aa, ni kigae. Kule kuna mafundi wao, na vikishapakiwa si vyetu. Au unataka niwaandikie kwamba kazi yetu yote irudiwe? Wataifunga maabara kesho. Na hawa wanaonisalimia kwa kuinama wataanza kunipita kama wanavyoipita nguzo ya umeme.

Yule bwana wa stoo alinikera kwa muda mrefu, na sikuwa na sababu ya kumwondoa ambayo watu wangeielewa. Ukanipigia simu. Malalamiko ya mtoto aliyeonewa, nani atapinga? Kwa hilo nakushukuru tena.

Mwambie mtoto anyamaze. Ndicho kitu anachokiweza kuliko sote. Akinyamaza vizuri hadi wageni waondoke, nitatia sahihi.

Kaka yako

12 Aprili

Mtoto wangu,

Nakutumia na barua ya kaka yangu, isome mwenyewe. Mara ya kwanza niliisoma nikakaa. Mara ya pili nikasimama. Kanishukuru, umeona? Kanishukuru kwa wino.

Nilimwuliza jambo moja tu, kama huko kwenye mtambo kuna watu. Hakulijibu. Kajibu habari za kusalimiwa. Nimeishi na huyu mtu nyumba moja tangu hajaota meno ya pili, na sikujua kwamba ni mtu wa kusukumia kinyesi cha paka mlangoni kwa jirani kisha aseme kwake ni safi. Nilimsifia mbele ya majirani. Nilisifia koti.

Nimekukosea, na sina maneno mazuri ya kulisema hilo, kwa hiyo nimelisema hivyo hivyo.

Sitakuambia useme wala usiseme. Ukisema, chuo kimekwenda, na mimi siwezi kukipoteza kwa niaba yako huku nimekaa kwenye kiti changu. Watoto wa watu walioko huko nao wana shangazi zao, hilo ndilo ninaloliwaza nikifua. Lakini ukiamua jambo, usiniandikie. Mdomo wangu umeshaonyesha kazi yake.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi yangu,

Ulisema nisikuandikie. Sina mwingine.

Wageni walikuja watatu. Mmoja alisifia zulia la ofisini. Wa pili alijipiga picha na mtambo wa majaribio, kisha akaomba apigwe nyingine akiwa amevaa miwani ya kinga. Nikasema moyoni, hawa ndio watakaotuokoa? Wa tatu alikuwa mama mfupi, zipu ya mkoba wake imekufa, ameifunga kwa pini. Mkurugenzi aliposema sufuria ya kupikia jua, yule mama hakucheka. Aliuliza, "Maji yanaingilia upande gani?" Mkurugenzi akawaongezea chai.

Mimi nilipewa kazi ya kuleta kigae cha maonyesho. Kizima, na kipande chake cha bomba, kimechomwa kwenye majaribio na kung'arishwa na mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja. "Tafadhali, kichovyeni kwenye tindikali." Hiyo tu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni, jikoni, njiani, hadi mtoto mmoja wa jirani akaniuliza naongea na nani. Nikasimama mbele yao na kigae mikononi, nikafungua mdomo. Haikutoka. Nilisikia hata hewa yake ikipita, bila maneno.

"Mtoto wetu huyu," Mkurugenzi akasema. "Ana haya sana." Wote wakanitabasamia, kasoro yule mama, aliyekuwa anakitazama kigae.

Nikafungua mikono.

Sakafu ya karakana ni saruji. Kilitoa mlio mmoja mzito, kisha mwingine mwepesi. Kigae kilikuwa upande huu, shaba upande ule, na kati yao nafasi kama ya kuweka kiti. Mkurugenzi alicheka. "Pole, mama, pole. Kitu kikianguka si lazima kivunjike?"

Yule mama alikuwa ameshapiga magoti. Aliokota vyote viwili, akapitisha kidole mgongoni mwa kigae. "Hakijavunjika," akasema. "Kimeachia. Kilichoshika vizuri kingepasuka chenyewe na vipande vingebaki vimeng'ang'ania shaba. Tazama hapa, pasafi kama kifuniko kilichotoka kwenye kopo." Kisha akauliza, "Mnachovya?"

Waliopiga makofi siku ile walikuwa wanachunguza viatu vyao.

"Tindikali ipo?"

"Ipo kabatini," mmoja akasema.

"Ufunguo?"

Ilibidi Mkurugenzi aingize mkono mfukoni mwake mwenyewe mbele ya watu wote. Bwana Nyufa akaitwa kutoka stoo, akazichovya sampuli za ukutani moja baada ya nyingine. Yule wa zulia alikuwa anakuja kutazama kila moja kwenye hadubini na kuondoka bila kusifia kitu.

Hakuna kilichopakiwa. Maabara haikufungwa. Maungio yote yanafanywa upya chini ya Bwana Nyufa, na vigae vipya vitachomwa tena mbele ya yule mama. Usidhani yule bwana amekuwa mtu wa kupendeza. Ananuka vilevile. Neno lake la kwanza kwangu aliporudi lilikuwa kwamba meza yangu ni chafu, na kweli ilikuwa chafu, na bado nilitaka kumtupia msasa.

Nilingoja Baba Mkubwa anifukuze nyumbani kwake. Asubuhi ya siku ya pili Baba Mkubwa alikuja mezani, koti amelifunga vifungo vibaya, upande mmoja umepanda. Akaweka barua ya chuo kando ya kikombe changu. Ina sahihi.

"Ajali ni ajali," akasema. "Mikono ilikutetemeka. Mimi ningekuwa na umri wako, mbele ya watu wakubwa vile, ningetetemeka pia. Nimekusamehe."

Nilijiandaa kumdharau, Shangazi, na nilikuwa na kila sababu. Lakini alikuwa anakoroga chai ambayo hajatia sukari, anakoroga tu, na nikaelewa kwamba anahitaji iwe ajali. Bahati mbaya humpata hata mtu mkubwa. Kuangushwa na mtoto wa mdogo wake, tena asiyeweza kusema sentensi moja, hapana, hilo hawezi kutembea nalo barabarani. Nikasema, "Ahsante, Baba Mkubwa." Nikanywa chai yangu. Barua nimeichukua. Sijui kama nilipaswa kuichukua.

Kwa hiyo amenisamehe jambo ambalo sikulifanya. Nililolifanya halijui, wala hakuna anayelijua, labda yule mama mwenye pini, maana alipokuwa anaondoka aliishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akavitazama, akairudisha. Havikuwa hata na jasho.

Hili usimsomee mtu, Shangazi. Wala Baba Mkubwa. Akikupigia simu na sauti yake ya upole akakuuliza kama kweli kiliniponyoka, mwambie kiliniponyoka. Hata akilia.

Wako,
Kimya